Tusikipuuze kiulizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie alama za uakifishaji, ambazo wengi wetu tumeanza kuzichukulia kuwa pambo la maandishi, tunalolitia tukikumbuka na kuliacha tukiwa na haraka.

Kiswahili kinazihitaji kuliko tunavyodhani. Mwingereza akiuliza, mara nyingi hugeuza mpangilio wa maneno yake. Sisi mara nyingi tunapandisha sauti tu, na sauti hiyo haiandikiki ila kwa kiulizi, yaani alama ya kuuliza (?). Mwaka jana nilikuwa ndani ya daladala, chupa ya uji mapajani, nikielekea hospitali alikolazwa mama yetu, mdogo wangu aliyeko Morogoro aliponitumia ujumbe wa maneno mawili: "Mama ameruhusiwa". Nilidhani ndugu wengine wamekwisha kumchukua, nikashuka kituo kilichofuata na kurudi nyumbani. Kumbe alikuwa anauliza. Mama alishinda na njaa hadi saa za jioni za kuona wagonjwa, na nikikumbuka alivyoipokea ile chupa kwa mikono miwili, hadi leo naumia.

Mkato nao una uzito wake, hasa magazetini. "Mwenyekiti alisema katibu ameiba" humtuhumu katibu, ilhali "Mwenyekiti, alisema katibu, ameiba" humtuhumu mwenyekiti. Maneno ni yaleyale manne, kwa mfuatano uleule, ila anayestahili kuitwa polisi amebadilika. Hata ritifaa, ile alama (') inayofuata ng, ingawa wapo wanaoihesabu kuwa sehemu ya herufi, hutenganisha kung'oa mti na kulia ngoa, yaani kuona wivu, na siku hizi kwenye simu watu wameiacha kabisa.

Mimi ni mwalimu, na sehemu ya lawama hii ni yetu. Tunasahihisha ngeli na tahajia kwa kalamu nyekundu, lakini tukikuta insha ya ukurasa mzima yenye nukta moja mwishoni, tunaipa alama na kuendelea na daftari linalofuata.

Kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo. Wanafunzi wangu husoma vichwa vya habari ubaoni kila Ijumaa, na kichwa kama "Bei ya unga kushuka" huwagawa darasa zima, wengine wakisema ni taarifa na wengine wakisema gazeti linauliza. Pale mwandishi anapouliza, tafadhali kiulizi kiwekwe.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Dar es Salaam.