Barua kwa Baba Neema juu ya namba 4294967297

Bukavu, Ibanda

Kwako Baba Neema,

Jambo sana. Huku tuko salama, watoto wazima, mvua bado haijatuacha.

Uliniomba hesabu ya kuwapa wanafunzi wako wa mwaka wa mwisho huko Goma, ili wasimalize kila kitu kwa simu. Wape 4294967297.

Mwaka 1640 Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, alikuwa akitazama 3, 5, 17, 257 na 65537. Unazipata kwa kupandisha 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ukiongeza 1. Zote ni namba tasa: hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini kwamba zitakazofuata zitakuwa tasa vilevile. Inayofuata ni 2³² + 1, ndiyo hii yetu. Ilipita miaka zaidi ya tisini, hadi mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawa.

Usidhani ni lazima kujaribu namba tasa zote kuanzia 3. Euler huyohuyo alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Zinazobaki ni chache: 193, 257, 449, 577, halafu 641. Hapo hapo umefika!

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni uthibitisho usiohitaji kugawanya kabisa. Andika 641 ubaoni kwa njia mbili: 5 × 2⁷ + 1, na 5⁴ + 2⁴. Ya kwanza inasema kwamba, kwa hesabu ya mabaki ya 641 (namba mbili ni sawa zikitofautiana kwa kigawe cha 641), 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Pandisha pande zote kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Ya pili inasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ibadilishe humo, na −2³² inakuwa sawa na 1. Basi 2³² + 1 haiachi baki. Mistari minne tu, Baba Neema, na namba ya tarakimu kumi imefunguka bila kuigawanya!

Kigawo cha pili ni 6700417, nacho ni tasa.

Yule binti yako anayependa hesabu mpe hili: namba hii ni 65536² + 1², na pia ni 62264² + 20449². Namba tasa haiwezi kamwe kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti. Atafute kwa nini. Akishapata, mwambie kwamba baada ya 65537 haijaonekana tasa nyingine ya ukoo huu hadi leo, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Unisalimie Mama Neema na wazee wote. Niandikie darasa lilivyopokea.

Rafiki yako,
Baba Amani