YAH: MAMA YANGU KUNYANYULIWA KWENYE SITI TULIYOLIPIA

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Utaratibu wenu wa siti za namba mnaujua wenyewe, naenda moja kwa moja kwenye kilichotokea Jumamosi kule balkoni.

Mama alishakaa. Safu ya mbele, namba ile ile ya kwenye tiketi, mkoba mapajani, bendi wanajaribu magitaa. Akaja baunsa wenu akammulika na tochi ya simu usoni, "bibi nyanyuka, hapa wanakaa wadhamini". Shikamoo hakuna, samahani hakuna. Mama akamwonyesha tiketi, baunsa wala hakuiangalia, akauchukua mkoba wa mama akaenda kuuweka kwenye ngazi.

Mlipotangaza mmekarabati jumba la sinema la zamani mlisema mnarudisha heshima ya burudani mjini. Tuliwaamini jamani, maana Avalon, Empress, Odeon za Dar zote zilishakufa kama sinema, na ile Drive-In ya Msasani, ya kutazama ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa 1966 leo pale ni ubalozi wa Marekani. Mama ni mtu wa enzi hizo, Jumapili jioni familia nzima inapendeza inakwenda sinema, balkoni ndo siti za wenye nazo na tiketi zikiisha walanguzi wanakupiga bei nje. Ndo maana nikamlipia balkoni. Ukumbi umependeza na sauti ilikuwa safi, hilo sibishi.

Na getini kijana wenu alishaskani tiketi akasema karibuni juu, kwa hiyo msije kuniambia zilikuwa na tatizo.

Narudia mnielewe vizuri. Mtu mzima, magoti yanamsumbua, kamulikwa tochi machoni mbele za watu kama mwizi, mkoba wake umetupwa kwenye ngazi watu wanapopita na viatu, na waliokuja kukaa pale wakaanza kupiga selfi. Mama kasimama ukutani kashika reli mpaka shoo inaisha! Nilivyomfuata msimamizi akanijibu "andika barua".

Haya nimeandika. Siku ile ningerudishiwa hela ya siti yake tu yangeisha. Sasa nataka hela ya tiketi zote, na nauli, na barua ya kumuomba radhi mama, iwe na sahihi yako wewe sio ya dada wa mapokezi. Mkikaa kimya mpaka mwisho wa mwezi naenda Tume ya Ushindani kudai haki ya mlaji, BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nao wanapata nakala, na hao wadhamini wenu nawapelekea mkononi wajue siti walizokalia zilikuwa za nani.