Pengwini hahusiki na 'awkward'

Mhariri,

Safu yenu ya lugha ya Jumapili iliyopita imenitoa kimya. Nimefundisha Kiingereza hadi kustaafu na nimeyavumilia mengi katika ukurasa ule. Lakini kutuambia kwamba neno la Kiingereza 'awkward' (la kusema kitu kisichokaa sawa au mtu mzito wa mikono) limetokana na ndege aitwaye auk, eti kwa kuwa akiwa nchi kavu hutembea kwa kuyumba, kisha mkatuwekea picha ya pengwini! Hapo sikuweza.

Auk ni wa bahari za baridi za kaskazini, pengwini ni wa kusini. Kama mwandishi wenu angefunua kitabu, angeona kuwa jina la pengwini aliwahi kuitwa nalo auk mkubwa, yule asiyeruka, ambaye wawili wa mwisho kujulikana waliuawa kisiwani Eldey, Iceland, mwaka 1844. Walau angekuwa na cha kujitetea.

Neno 'awkward' lenyewe lina mzizi katika lugha ya Waviking, 'öfugr', yaani kilichogeuzwa kinyume. Waingereza wakapata 'awk', wakalipachika kiishio cha '-ward' kinachoonyesha uelekeo, kile kile cha 'backward', kuelekea nyuma. Katika karne ya 14 maana yake ilikuwa kuelekea upande usio wake. Kwenda kombo, basi. Karne ya 16 likahamia kwa mtu mzito wa mikono, na baadaye kwa vitu: kabati lisilopita mlangoni, mzigo usio na pa kushikia, hata kile kimya kinachoanguka sebuleni mgeni anapouliza lisiloulizwa. Watu wa Pwani wanaosema jambo limekwenda mrama hawahitaji ndege ili kuelewa.

Ningeishia hapo kama makosa yenu yangebaki gazetini. Mwalimu wa mjukuu wangu alikata makala yenu, akaibandika ukutani, akaitungia swali la mtihani. Mtoto aliandika nilichomfundisha mimi, akapigwa mkasi mwekundu. Nilipokwenda shuleni nikiwa na kamusi kwapani, nikajibiwa kwa upole, "Shikamoo mzee, lakini gazeti ndilo limesema." Nikiwa pale pale nikaona kingine. Mjukuu wangu huandika kwa mkono wa kushoto, na mwalimu yule yule alikuwa akimhamishia kalamu mkono wa kulia, mbele ya darasa zima, wenzake wakicheka. Sasa sikiliza, Mhariri: hilo 'awk' la zamani lilitumika pia kwa maana ya mkono wa kushoto! Wafaransa nao kushoto wanakuita 'gauche', na Waingereza wakalichukua hilo kumsema mtu asiyejua kukaa na watu. Kilatini cha kushoto ni 'sinister', nalo wakalifanya la mambo ya kutisha. Sisi tunasema mkono wa kulia, wa kulia chakula, halafu tunamtazama mtoto wa kushoto kana kwamba amekuja kuharibu shughuli. Karibu mtu mmoja katika kila kumi ni wa kushoto. Hawana kasoro yoyote. Kasoro ni ya vile viti vya kumbi za mihadhara vilivyofungwa kibao cha kuandikia upande wa kulia tu, mwanafunzi wa kushoto akajipinda saa nzima ili anukuu maneno ya mhadhiri, kisha aambiwe mwandiko wake mbaya. Kama mnatafuta kitu cha kukiita 'awkward', kipigeni picha kiti hicho.

Chapeni sahihisho ukubwa ule ule wa picha ya pengwini, ili nilibandike mwenyewe ukutani kwa mwalimu. Na wakuu wa vyuo wanaosoma barua hizi wamwite seremala: katika kila viti kumi, kimoja kifungwe kibao upande wa kushoto. Mbao ni ile ile, na bei nadhani haitabadilika.

Mwalimu mstaafu,
Tanga