Uzamivu hauombwi kama mkopo wa Bodi

Mhariri,

Juzi kijana niliyemfundisha fizikia alinikuta steshenari hapa Mtwara mjini, akanionyesha kwenye simu barua pepe aliyowatumia maprofesa arobaini wa ng'ambo kuomba nafasi ya uzamivu, yaani PhD. Arobaini kwa mkupuo, kila mmoja akiyaona majina ya wenzake, na salamu ni "Mheshimiwa Profesa" basi. Ana uzamili wa kemia, tena kafaulu vizuri. Hakujibiwa na hata mmoja.

Simlaumu. Amezoea Bodi ya Mikopo: dirisha linafunguliwa, unajaza, unasubiri. Uzamivu wa sayansi na uhandisi hauendi hivyo. Mara nyingi fedha zimeshaingia kwenye mradi wa profesa kabla mwanafunzi hajajulikana. Sweden na Uholanzi nafasi hizo hutangazwa kama ajira, mkataba na mshahara juu, kwa kawaida miaka 4. Anayetafuta neno "ufadhili" peke yake anazipita hivi hivi. Ujerumani nako wengi huajiriwa, ingawa mshahara aghalabu si kamili. Marekani unaweza kuomba hata kwa shahada ya kwanza, ukalipwa kwa kufundisha au kusaidia maabara. Huko milango mingi hufungwa Desemba. Nafasi za Umoja wa Ulaya za Marie Skłodowska-Curie zinataka usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika 36 iliyopita. Hapo kijana wangu yuko salama, hata mto Ruvuma hajavuka.

Na mada tumezikalia wenyewe. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua mikono ya mama zetu wanaobangua, na mafuta hayo hayo viwanda huyatumia kwenye rangi na breki za magari. Kuna ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unaotupulizisha salfa kila msimu. Kuna gesi ya Mnazi Bay. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, Lindi, ilichimbwa 1909 hadi 1913 na wengine, ikapelekwa Berlin.

Basi tukakaa pale pale. Nikamwambia achague mtafiti mmoja wa mafuta ya ganda, asome makala zake mbili, amwandikie aya tatu: nini kimemgusa, yeye anaweza kufanya nini maabara, na kama kuna nafasi yenye fedha. Sentensi ya kwanza ilitula saa nzima. Mwishowe akaanza na vidole vya mama yake.

Kumbe kabla ya hapo dalali mmoja alishamwomba laki mbili "za kufungua faili." Profesa anayetafuta mwanafunzi hana dalali Mtwara.

Ombi langu, Mhariri: kurasa nzima za zabuni mnazichapa. Tupeni robo ukurasa wa nafasi hizi, Septemba hadi Januari, na waliokwishapita njia hiyo, nadhani hata kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wapo, wawaandikie vijana jinsi walivyompata msimamizi.

Mwalimu wa fizikia,
Shangani, Mtwara