Hewa ya ukaa ikizikwa, nani atalinda shimo?

Mhariri,

Wapo wanaotaka hewa ya ukaa, gesi inayoipasha dunia joto, izikwe ardhini, zaidi ya mita 800, ijibane mpaka iwe nzito karibu kama kimiminika. Sawa. Ila mwamba unaoifunika ukiwa na ufa, au kisima cha zamani kilizibwa ovyo, itapanda. Tena kuisukuma kwa presha kubwa kunaweza kuamsha matetemeko, nasi wa Kigoma tumekaa kwenye Bonde la Ufa. Vyombo vikigongana kabatini hatuulizi ni nani. Gesi hii haina harufu, hutuama mabondeni. Mwaka 1986 Ziwa Nyos, Kamerun, liliitapika usiku, wakafa watu wapatao 1,700. Ile ilikuwa ya asili, najua. Hii yetu, nani atailinda miaka mia ijayo?

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma