Kwa mdogo wangu uliyepita Ujiji bila kushuka

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Shangazi goti bado linamsumbua, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na ukimzuia anagomba. Dagaa wameadimika, mawese yamepanda bei. Hizo ndizo habari.

Ninakuandikia hapa, mbele za watu, kwa sababu simu zangu hupokei, na kwenye kundi la familia unasoma kila kitu kisha unanyamaza. Humu najua unapita. Basi soma mpaka mwisho.

Juzi umeirusha tena ile video yako ya boti ya Chicago. Nimeitazama yote, na haki isemwe, ni nzuri. Mto umepita katikati ya maghorofa, wewe umekaa viti vya mbele, na yule binti mwenye kipaza sauti anaeleza jengo moja baada ya jingine. Ulimsikiliza vizuri, maana sauti ulizotutumia siku ile hazikuacha kitu. Kwamba mji uliungua Oktoba 1871 ukajengwa upya. Kwamba mwaka 1900 wahandisi waliugeuza mto utiririke kinyume, ili uchafu usiingie ziwani wanakochota maji ya kunywa. Kwamba ile minara miwili ya mviringo, iliyokaa kama magunzi ya mahindi, ghorofa zake 19 za chini ni za kuegeshea magari. Kwamba lile jengo la gazeti la 1925 limepachikwa ukutani vipande vya mawe kutoka piramidi ya Misri na Ukuta Mkuu wa China. Na ulisema kwa fahari, nami nikaona fahari pamoja nawe, kwamba mgeni wa kwanza kujenga makazi ya kudumu pale mdomoni mwa mto alikuwa mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, na leo kuna daraja lenye jina lake.

Sauti zile mama alizisikia. Alikuwa keshalazwa, hageuki mpaka ageuzwe, na simu nilimwekea juu ya mto karibu na sikio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: "Hao walioungua walizikwa wapi?" Nikakuandikia swali lake. Hukujibu. Baadaye nilisoma mwenyewe kwamba moto ule uliua watu wapatao 300. Mama hakuuliza habari za maghorofa. Aliuliza habari za watu, na wewe unajua kwamba ndivyo alivyokuwa.

Maziko hukuwahi, na kwa hilo sijawahi kukulaumu wala sitakulaumu. Maiti hailali, na Chicago ni mbali. Arobaini hukuja, nikawaambia watu ni kazi. Nilikutetea mbele ya baba mdogo mpaka nikapandisha sauti, jambo ambalo tangu nizaliwe sijalifanya mbele yake. Hatimaye ukaja, na wageni wako wawili, ukafikia hotelini Kigoma mjini. Hata hapo nilinyamaza. Nikasema wageni wana desturi zao, nyumba yetu choo kiko nje.

Boti niliitafuta mimi. Nahodha ni mtu wa nyumbani, akatupa bei ya nyumbani. Wasomaji wengine mtaniwia radhi, haya yanamhusu ndugu yangu, lakini nataka na nyinyi mjue kwamba safari ile ilianza vizuri. Tulitoka ghuba ya Kigoma asubuhi, Ziwa Tanganyika limetulia, Milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Mdogo wangu akasimama katikati ya boti akawa ndiye yule binti mwenye kipaza sauti.

Uliwaonyesha stesheni, lile jengo refu lenye matao, ukawaambia reli ya Wajerumani ilifika hapa 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Ukawaonyesha Ikulu ndogo kule juu, ukawapa na yale maneno ya wazee kwamba ilijengwa kumngojea Kaisari aje kuwinda, naye hakuja. Tulipofika bandarini ukamwambia nahodha apunguze moto mbele ya meli ya Liemba. Hapo nilitaka kulia kwa furaha. Uliieleza vizuri mno: ilivyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikapanda meli hadi Dar na treni hadi hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa maadui, mitambo wakiwa wameipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mgeni wako wa kike aliandika yote kwenye kijitabu. Nikasema moyoni, mama angekuwepo angekutunza.

Ila kitu kimoja nilikiona tangu pale. Ulisema Wajerumani walijenga, Waingereza wakaibua. Babu alibeba mizigo bandarini pale mpaka mgongo ukapinda. Wewe umekua ukiukanda mgongo ule kwa mafuta ya mawese, ukilalamika kwamba yanakuchafua shati la shule. Hukumtaja. Nikapuuza.

Tukazunguka rasi ya Bangwe. Ujiji ikatokea.

Nataka uikumbuke saa ile kama ninavyoikumbuka mimi. Kutoka majini unaona kwanza mwalo, mitumbwi imepandishwa mchangani, na dagaa wameanikwa. Nyuma yake mabati, na nyuma ya mabati miembe. Makaburi yetu yako upande wa miembe. Nilikuwa nimekaa karibu na nahodha, miguuni nina kikapu, na ndani yake chupa ya marashi, ubani, na msahafu wa mama niliokuwa nikukabidhi palepale kaburini. Mgeni wako wa kiume akanyoosha kidole akauliza, pale ni wapi? Kiingereza hicho kidogo nakijua. Ukamjibu: kijiji cha wavuvi tu, hakuna cha kuona.

Nikamwambia nahodha, ingiza mwaloni. Ukasema, "Hapana, twende, tutachelewa kuogelea." Yule mzee alinitazama mimi, akakutazama wewe mwenye pesa, kisha akazungusha mkono wa mashine tukaongeza mwendo. Wewe ukainua simu, ukapiga picha moja ya ufuko, ukaishusha, ukaanza kuwafungulia wageni soda. Kizibo kimoja kikaangukia ndani ya kikapu changu. Hukukiona.

Hakuna cha kuona!

Mdogo wangu, mwaka ule Chicago inaungua, 1871, ndio mwaka uleule Stanley alipomkuta Livingstone chini ya mwembe Ujiji. Ungewaambia hilo tu, wageni wako wangeshika vichwa. Ungewaambia kwamba aliyetoka mbio kumlaki Stanley, akamsalimu kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na kwamba miaka miwili baadaye, Livingstone alipofariki, ni Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao walioubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Ungewaambia Burton na Speke, wale wavumbuzi Waingereza, walifika hapa Februari 1858 wagonjwa hoi, mmoja miguu haimbebi, mwenzake macho hayaoni, na mji waliukuta upo, una soko, una wafanyabiashara wa pembe. Mnara wa kumbukumbu ya Livingstone leo uko mbali na maji, watu wanashangaa mzungu yule alikaaje ufukweni. Ziwa ndilo lililorudi nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalizibua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, yakashuka mita kadhaa. Kumbe na sisi tuna habari ya maji kubadilisha njia, na haikuhitaji wahandisi.

Ungewaambia na lililo gumu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia pale pale ulipopapita. Waliotoka Manyema, ng'ambo, walivushwa ziwa kwa mitumbwi, wengine huru wakifuata biashara, wengine wamefungwa. Mama wa bibi yake mama alivushwa akiwa binti mdogo. Mama alitusimulia sote wawili, usiku mmoja, umeme haupo, wewe umelala pajani kwangu. Alisema binti yule hakujua nchi anayopelekwa inaitwaje, aliona miti na moshi wa majiko ukisogea. Kwa hiyo wa kwanza wetu kuiona Ujiji aliiona kutoka majini, kama ulivyoiona wewe siku ile, naye hakuwa na uwezo wa kumwambia nahodha apite au aingie. Wewe ulikuwa nao.

Du Sable wa Chicago unamjua kwa majina yake yote. Sawa, mjue, anastahili. Lakini aliyekuleta duniani umempita umbali wa kutupa jiwe, hukuomba hata boti isimame tukasoma Fatiha.

Sasa nakushauri, na ni dada yako ninayekushauri. Usimwonyeshe mgeni mji wako kutoka majini peke yake. Ukiwa majini unaona waliojenga juu, stesheni na Ikulu ndogo, kwa sababu vilijengwa ili vionekane. Nyumba za udongo hazikujengwa zionekane, zilijengwa watu wakae. Lazima ushuke, ubishe hodi, ukae ukumbini, uletewe maji, ndipo mtu akuambie. Mimi wageni wanaokuja Ujiji nawapitisha hivyo, bure, na hakuna aliyewahi kuondoka akisema hakuna cha kuona. Niliyabeba haya kwa sababu nilibaki. Watu wanasema nilibaki kwa ajili ya nyumba. Nilibaki kwa sababu mama alihitaji mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili usiku kucha, na wewe ulikuwa na masomo, na masomo yako nilikuwa wa kwanza kuyaombea. Nilikataa kazi ya Dar. Nilikataa na mengine ambayo hapa si pa kuyasema.

Na hela za kaburi, kwa kuwa ulizitaja mbele ya wageni, nami nitazitaja mbele ya watu. Ulituma hela za kulijengea kaburi la mama kwa vigae. Sikulijengea. Kaburi lina jiwe kichwani na jiwe miguuni, na ndivyo alivyousia mwenyewe, shangazi ni shahidi. Hela nilizitumia kwa hitima, nikalipa deni la dawa, na kilichobaki nikanunua bati, kwa sababu chumba alichofia mama kilikuwa kinavuja na mvua zilikuwa mlangoni. Ungekuwepo ungefanya vilevile. Unasema nilikula hela ya marehemu. Marehemu alilala chini ya paa lile miaka yote na alililia lisiharibike. Nilichofanya ni haki, na nitakisema mahali popote.

Usidhani nakuchukia. Ulipokuwa mdogo uliogopa ziwa kuliko watoto wote wa mtaani, ulikuwa ukiona wimbi unanikwea mpaka shingoni. Mimi ndiye niliyekufundisha kuelea pale mwaloni, mkono wangu chini ya mgongo wako, nikikudanganya kwamba bado nimekushika. Siku ile ya boti nilikuona umesimama wima katikati ya maji bila kushikilia chochote, unaeleza historia kwa lugha ya watu, nikamshukuru Mungu. Ndiyo maana neno lako liliniuma. Angelisema mtu mwingine ningemsahihisha tukacheka.

Tuliporudi jioni ulinipa hela mkononi, ukaikunja noti kama unampa mlinzi. Nilimpa nahodha. Sikutaka kukurudishia mbele ya wageni wako, nisikuaibishe. Kesho yake nilikwenda makaburini peke yangu na marashi yale. Msahafu ninao mimi.

Kuhusu karatasi ya kuuza nyumba uliyompa baba mdogo aniletee nisaini: iko kabatini, haina sahihi yangu, na haitakuwa nayo. Chumba cha mbele amepanga fundi cherehani, analipa kodi kila mwezi, hesabu iko kwenye daftari na fungu lako limeandikwa. Wazee wamepanga kikao cha ukoo baada ya mfungo, na kitakaa palepale ukumbini, si hotelini wala kwenye simu. Kama una hoja ya kuuza, ije na mwenyewe. Nauli ya treni kutoka Dar nitakulipia mimi.

Dada yako