Vyuo vikuu binafsi vituonyeshe gharama ya miaka yote, si ada ya mwaka wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na kwingineko mkoani Tabora, na zaidi niseme na wakuu wa vyuo vikuu binafsi. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana wetu huleta nyumbani barua ya udahili, na katika barua hiyo macho ya mzazi hutua mahali pamoja: ada ya mwaka wa kwanza. Anapima kiasi hicho na mabelo ya tumbaku aliyouza, anasema tutajikaza. Kumbe ada ile haifiki hata nusu ya fedha atakazotoa hadi mtoto avae joho.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) cha wakulima wa tumbaku. Wazazi hawa nawaona Oktoba na Novemba wanapokuja ofisini kuomba wakopeshwe kwa dhamana ya tumbaku ambayo bado iko kitaluni. Wanakuja na karatasi za chuo zimekunjwa mfukoni, na mara nyingi ndipo tunapozisoma pamoja kwa utulivu kwa mara ya kwanza. Wakati huo mtoto ameshasajiliwa.

Tufanye hesabu. Tuseme ada ya chuo fulani ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka, na kozi ni ya miaka mitatu. Hiyo ni 4,500,000. Sasa mtoto atakula na kulala wapi? Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/23. Tutumie kiwango hicho hicho, ambacho si cha anasa. Tukihesabu siku 240 za masomo kwa mwaka tunapata 2,400,000. Kwa miaka mitatu ni 7,200,000. Chakula na chumba vimeishinda ada kwa mbali! Ongeza bima ya afya ya wanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka, na ada ya uthibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shilingi 20,000 kwa mwaka. Jumla inakaribia milioni 12, na bado hatujagusa nauli, kompyuta, kutoa kopi, kitambulisho, michango ya serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari, fildi (mafunzo kwa vitendo nje ya chuo) wala kuchapa na kujalidi utafiti wa mwaka wa mwisho. Akishikwa na sapu, yaani mtihani wa kurudia somo alilofeli, kuna vyuo vinavyotoza kila somo la kurudia. Akikosa ada ya muhula na kuzuiwa mtihani, akaahirisha mwaka, pango la chumba alicholipia halirudi.

Nisieleweke vibaya kuwa nawalaumu wazazi kwa kutojua. Wangejulia wapi? Tangu 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Ni jambo jema lililowainua watoto wengi wa mkoa huu, na ninashukuru. Lakini mzazi aliyesomesha kwa utaratibu huo amezoea sare, madaftari na michango midogo. Bili yake kubwa ya kwanza maishani ni ya chuo kikuu, na hakuna aliyemwandaa kwayo.

Kuna jambo jingine ambalo wahasibu wa vyuo huenda hawalioni kutoka walipo. Mkulima wa tumbaku hupata fedha mara moja kwa mwaka. Masoko hufanyika katikati ya mwaka, makato ya pembejeo hukatwa kwanza, kinachobaki huingia benki, na malipo yakichelewa huchelewa kweli. Chuo kinadai Oktoba au Novemba, kisha tena muhula wa pili. Oktoba na Novemba ndipo miche inamwagiliwa, mashamba yanatayarishwa, vibarua wanataka ujira na mvua inakaribia. Mzazi analazimika kuchagua kati ya shamba la mwaka huu na mtihani wa mtoto. Nimeona watu wakiuza ng'ombe wa kulimia mwezi ule ule ambao plau inahitajika. Mwaka unaofuata mavuno yanapungua, na ada ya mwaka wa pili inamkuta hana kitu. Hasara hiyo haiandikwi kwenye fomu yoyote ya kujiunga, lakini ni sehemu ya gharama ya kusoma.

Wengi hujibu, "Atapata mkopo." Huenda akapata. Ila si kila mwenye mkopo hulipiwa ada yote. Kiwango hutegemea hali ya familia na aina ya kozi, na pengo linalobaki ni la mzazi. Tena tazameni mpangilio wenyewe: kijana aliyepata vyuo zaidi ya kimoja huthibitisha chuo kwanza, kwa kawaida Septemba, ilhali orodha ya awamu ya kwanza ya mikopo hutoka Oktoba. Anachagua chuo bila kujua atalipiwa nini. Halafu mkopo ni deni. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha za mkopo iliondolewa mwaka 2021, nafuu kubwa, lakini mwajiriwa bado hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, analokula leo atalilipa mwenyewe kesho, na familia ihesabu hivyo tangu mwanzo.

Pia ulizeni kozi inaishia wapi. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, nayo ina ada yake. Udaktari ni miaka mitano darasani kabla ya mwaka wa mazoezi hospitalini.

Sisemi vyuo binafsi ni vibaya. Vingi vilianzishwa na taasisi za dini wakati nafasi za vyuo vya umma zilikuwa chache mno, na kwa kuwa mishahara ya walimu wao haitoki hazina, hawana budi kutegemea ada. Hapa Tabora mjini tuna chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Kwa kijana mwenye shangazi Kiloleni au Ng'ambo wa kumlaza na kumlisha, kusoma mjini hapa kunaweza kufuta sehemu kubwa ya zile milioni saba. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo mkoani. Mzazi apime haya kabla ya kuvutiwa na jina la chuo cha Dar es Salaam.

Ninachoomba kwa vyuo ni karatasi moja, kwa Kiswahili, itakayoambatanishwa na barua ya udahili: ada ya kila mwaka hadi kuhitimu, michango yote ya lazima, gharama za fildi na mahafali, kiasi cha sapu, tarehe za kila awamu ya malipo, na fedha ipi hurudishwa mwanafunzi akihama au akiahirisha. Anayeanza na kiwango fulani amalize nacho. Vyuo vinavyopokea watoto wa wakulima viruhusu awamu kubwa ya malipo ije baada ya masoko, kwa makubaliano ya maandishi. TCU iifanye karatasi hiyo kuwa sharti la kudahili, na pamoja na HESLB wapange tarehe zao ili kijana ajue mkopo wake kabla ya kuthibitisha chuo.

Dirisha la maombi hufunguliwa Julai. Karatasi hizo zikitoka Juni, ofisini kwetu ukuta upo wa kuzibandika, na niko tayari kukaa na kila mzazi tukazisoma mstari kwa mstari.

Mzazi na karani wa AMCOS,
Urambo, Tabora.